Nia Njema Inatosha? Nilichokiona Kwenye Mizizi ya Okidi



Leo nataka tutafakari pamoja swali moja ambalo limenisumbua kwa wiki kadhaa. Mtu akifanya jambo kwa nia njema kabisa, kwa upendo wa kweli, halafu jambo hilohilo likamuumiza yule anayempenda, je, ana hatia? Au nia njema inatosha?

Swali hili sikulipata kwenye semina wala kwenye mafungo. Nililipata kwenye kibaraza cha nyumba ninayopanga, nimetandika gazeti sakafuni, mkasi mkononi, na mbele yangu kuna okidi inayokufa. Nitaanza na ua, lakini nikwambie mapema kwamba habari hii haiishii kwenye ua.

Ua la altare

Mimi ni mmoja wa vijana wanaopamba altare parokiani kwetu. Pasaka ya mwaka huu muumini mmoja alituletea okidi nyeupe kwenye chungu, ya ile aina inayouzwa sana kwenye bustani za maua mijini, yenye majani mapana mazito na maua kama vipepeo. Ilidumu pale kipindi chote cha Pasaka, siku hamsini, wakati mawaridi tuliyonunua yalikuwa yananyauka kila wiki. Ilipofika Pentekoste maua yakaanza kudondoka moja moja, na mwenzetu mmoja akataka kuitupa. Nikasema, jamani, ua lililosherehekea Ufufuko pamoja nasi siku zote hizi tunalitupaje jalalani? Nikaipakata kwenye bajaji mpaka nyumbani.

Kwa akili yangu, kutunza ua ni kumwagilia. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naipa kikombe cha maji, na jioni nikirudi kikombe kingine. Siku moja nikachungulia ndani ya chungu, nikakuta hakuna udongo, ni vipande vya magome ya miti tu. Nikaihurumia kweli. Nikaona wauzaji wameibania. Nikaenda kuchota udongo mweusi wenye rutuba, nikajaza mpaka juu, nikaumwagilia vizuri.

Kufikia Septemba majani yalikuwa yamelegea na kukunjamana. Yalionekana kabisa yana kiu. Nikaongeza maji. Yakalegea zaidi. Nikaongeza tena. Ungeniuliza wakati ule kama naipenda okidi yangu, ningekwambia ndiyo bila kusita, na nisingekuwa nadanganya.

Jumamosi moja sala ya jumuiya ilifanyika kwangu. Baada ya sala, mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye anauza miche ya maua kando ya barabara, akaiona pale dirishani. Akaingiza kidole kwenye udongo, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii umeizamisha."

"Lakini mama, si unaona majani yana kiu?"

"Yana kiu ndiyo. Mizizi imeoza, na mzizi uliooza haunywi. Ina kiu katikati ya maji. Itoe uone mwenyewe."

Itoe uone

Wenzetu walipoondoka, mama yule akabaki kunielekeza. Akanifafanulia kwamba okidi ya aina hii kwa asili haioti ardhini. Ni mmea wa misitu ya joto ya Asia, na huko unaishi juu ya matawi ya miti. Hauunyonyi mti, unaushikilia tu. Mizizi yake inakaa wazi hewani, inanyeshewa, inakauka, inanyeshewa tena. Imevikwa ganda linalofyonza maji kama sifongo: ikilowa inaonekana ya kijani, ikikauka inakuwa nyeupe ya kung'aa kama fedha. Mizizi hiyo inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ndiyo maana inapandwa kwenye magome, ili maji yapite na hewa ibaki. Wale wauzaji hawakuibania. Waliijua.

Hapa kwetu pia ziko okidi zinazoishi juu ya miti porini, na ziko nyingine nyingi zinazoota ardhini kabisa, kama zile za Kitulo kule Nyanda za Juu Kusini, mahali ambapo wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Zote zinaitwa okidi. Lakini ukiichukua ya juu ya mti ukaipa maisha ya ile ya ardhini, unaiua, hata kama unaimbia nyimbo za mapendo kila asubuhi.

Nikabonyeza kingo za chungu, nikaivuta taratibu. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya mtaro uliotuama. Halafu nikaona mizizi. Ilikuwa ya kahawia, laini, imejaa maji. Ukiushika mmoja ukavuta, ganda linatoka lote mkononi na kubakiza uzi mwembamba katikati. Nikasafisha kwa maji, nikahesabu. Mizizi mitano tu ndiyo ilikuwa bado migumu.

Nikapitisha mkasi kwenye moto wa jiko, nikauacha upoe. Mkono ukawa mzito. Mmea wenyewe umebaki na nguvu kidogo, halafu niukate tena? Mama akaniambia, "Usikate kwa macho, kata kwa vidole. Kabla ya kukata, bonyeza. Uliokuwa mgumu usiuguse hata kama ni mchafu. Uliokuwa laini usiuhurumie, maana huo ndio unaoozesha wenzake."

Nikakata. Tukapaka unga wa mdalasini kidogo kwenye vidonda ili vikauke. Tukachukua chungu kidogo kuliko cha kwanza, chenye matundu mengi, tukaweka vipande vya magome mapya, mkaa uliovunjwavunjwa, na makumbi ya nazi tuliyokuwa tumeyasuuza mara kadhaa kuondoa chumvi. Tukaiegemeza kwenye kijiti isiyumbe. Nilipochukua kikombe cha maji, mama akanishika mkono.

"Wiki nzima usimwagilie. Acha vidonda vikauke. Iweke kivulini uiache."

Hilo ndilo lililonishinda kuliko kukata.

Mdogo wangu

Usiku ule, wakati nafagia mizizi iliyooza, maneno ya mama yule yakanirudia: ina kiu katikati ya maji. Nikamkumbuka mdogo wangu.

Mdogo wangu yuko chuo, mkoa mwingine. Tangu baba afariki mimi ndiye ninayemsomesha. Ujumbe wake ninaujua kabla sijaufungua: "Dada, nimekwama." Kodi ya chumba. Chakula. Kuchapisha kazi za darasani. Simu imeharibika. Kila mara nilituma. Mara nyingine nilikopa kwenye kikoba ili nitume, na wiki mbili baadaye amekwama tena. Nikawa nasema maisha ya chuo ni magumu, maskini mdogo wangu. Nikaongeza kiasi. Akazidi kukwama.

Mwaka jana rafiki yake mmoja aliniambia, kwa kuzunguka sana, kwamba mdogo wangu anabeti. Kwamba anakesha na mikeka. Nilimshukuru, nikabadilisha mazungumzo. Sikumuuliza mdogo wangu hata siku moja.

Kwa nini sikumuuliza? Nimejiuliza sana. Sababu ya kwanza ni kwamba niliogopa atakasirika. Ya pili ni ngumu kuiandika. Kila nilipotuma hela alinijibu, "Dada, bila wewe ningekuwa wapi?" Na mimi nililipenda neno lile. Nilikuwa nalingoja. Yaani sehemu ya yale maji nilikuwa najimwagilia mwenyewe.

Kanisa linatufundisha nini

Sasa turudi kwenye swali letu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1750, inatufundisha kwamba ili kujua uzuri au ubaya wa tendo la mtu tunaangalia mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya anayetenda, na mazingira ya tendo, yakiwemo matokeo yake. Nilijipima kwa hayo matatu. Tendo: kumpa ndugu yako hela ya chakula ni jambo jema. Nia: nilimtakia mema, ingawa nia ile ilikuwa na mchanganyiko wake kama nilivyokwambia. Matokeo: hela ile ilikuwa inalisha kitu kinachomla yeye.

Ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 1791, inasema kwamba kutokujua kunaweza kuwa kosa la mtu mwenyewe, pale ambapo hakujisumbua kutafuta lililo kweli na jema. Hapo ndipo nilipokamatwa. Kuhusu okidi, sikujua kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia. Kuhusu mdogo wangu, niliambiwa, nikachagua kutokujua. Mambo haya mawili yanafanana kwa nje, lakini mbele ya Mungu hayako sawa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nia njema ya kweli ina macho. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kwamba kumpenda mtu ni kumtakia mema. Sasa, kama kweli namtakia mtu mema, lazima nitake pia kujua mema yake ni yapi, yeye huyu, siyo mtu wa kufikirika. Nikisema ninamtakia mema halafu sitaki kutazama kinachomsibu, basi ninachokitaka ni amani yangu mimi. Ndiyo maana Kanisa linaiweka busara kuwa fadhila inayoziongoza fadhila nyingine. Ukarimu usio na busara unaweza kujaza udongo kwenye chungu cha okidi na kwenda kulala ukiwa na furaha.

Nilikwenda kuungama. Sikuungama kutoa hela. Niliungama kutokutaka kujua.

Tusiigeuze kuwa kisingizio

Najua kuna mtu hapa ameshafurahi: "Safi! Kumbe kusaidia watu ni kuwaharibu. Naanza kukaza mkono." Hapana, rafiki. Usinibebee maneno ambayo sijasema.

Kwenye Injili ya Mathayo sura ya 25, Bwana wetu anapozungumzia wenye njaa, wenye kiu na wafungwa, hawaulizi waliowasaidia kama walifanya uchunguzi kwanza. Mtu mwenye njaa mlangoni kwako ni mzizi mkavu. Mpe maji, mpe leo. Okidi huwa zinakufa kwa ukame pia. Mkono uliofumbwa ukasingizia busara ni uchoyo uliovaa kanzu. Mama yule hakuniambia nisimwagilie kamwe. Aliniambia nibonyeze kwanza. Na kubonyeza maana yake ni kumkaribia mtu, kumshika, kumuuliza. Mchoyo hamkaribii mtu hata huko kwenye kuuliza.

La pili: mtu siyo ua. Okidi niliitoa kwenye chungu bila kuiomba ruhusa. Mdogo wangu ana hiari yake, na hata Mungu aliyempa hiari hiyo haivunji. Siwezi kumng'oa, wala mkasi wangu haufiki kwenye mizizi yake. Mizizi ninayoweza kukata ni ile iliyo yangu: ukimya wangu, woga wangu, ile hamu ya kuitwa mwokozi. Mwokozi tayari tunaye, ni mmoja, na siyo mimi.

Na kukata mzizi siyo kukata mmea. Kumbuka ule mtini wa Luka 13 usiozaa matunda. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, achimbe kuuzunguka na kuweka mbolea. Kuchimba kwenye mizizi kunausumbua mti, lakini anayechimba hapo ndiye anayeutetea.

Halafu nikasoma upya habari ya mwana mpotevu, Luka 15, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kijana yule alipoishiwa kule nchi ya mbali, akafika mahali pa kutamani chakula cha nguruwe, hatusikii popote kwamba baba yake alimtumia hela. Wala hatusikii kwamba alifunga mlango. Tunachosikia ni kwamba alimwona angali mbali. Mtu anayekuona ukiwa mbali ni mtu ambaye macho yake yako njiani. Sijui kipi kilikuwa kigumu zaidi kwa mzee yule, kutokwenda kumfuata au kuendelea kuangalia njia.

Wiki bila maji

Nilimpigia mdogo wangu Jumapili jioni.

"Najua kuhusu mikeka," nikamwambia.

Akakaa kimya. "Nani kakwambia?"

"Niliambiwa zamani. Kosa langu ni kwamba sikukuuliza wewe. Naomba unisamehe kwa hilo."

Nikamweleza. Ada nitalipa mwenyewe moja kwa moja chuoni. Kodi nitamtumia mwenye nyumba. Chakula, nitaongea na mama lishe anakokula, tutahesabiana mwisho wa mwezi. Hela ya mkononi sitatuma tena. Nauli ya kuja nyumbani ipo siku yoyote, saa yoyote, tiketi nitakata mimi. Na kama yuko tayari kuonana na mtu wa kumsaidia kuacha, nitafunga safari tuende wote.

"Dada, kwa hiyo umenitupa," akasema. Akakata simu.

Siku kumi na sita hakupiga wala kuandika. Kijana mwenzangu, nisikudanganye kwamba nilikuwa na amani moyoni kwa sababu nilitenda lililo sahihi. Sikulala vizuri. Mara mbili nilifungua simu, nikaandika kiasi, nikabakiza kuweka namba ya siri tu, nikafunga. Asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya okidi na kikombe cha maji, halafu nakunywa maji yale mwenyewe. Nilisali rozari nikiwa na hasira. Nilimuuliza Mungu, na kama nimekata mzizi mzima? Maana hilo nalo linawezekana. Kwenye ile okidi nilikata mzizi mmoja ambao ndani ulikuwa bado mweupe na mgumu. Niliona baada ya kukata. Mama akasema, "Umeshakata. Mingine ipo." Mpaka leo naukumbuka mzizi ule.

Siku ya kumi na saba, saa moja asubuhi, simu ikaingia ujumbe. Maneno mawili: "Shikamoo dada."

Nikasubiri ujumbe unaofuata, ule wa kukwama. Haukuja. Nikajibu, "Marahaba mdogo wangu. Umeamkaje?" Akasema ameamka salama. Basi. Tangu siku hiyo tunasalimiana karibu kila asubuhi. Wiki iliyopita aliniuliza nauli ya basi siku hizi ni shilingi ngapi.

Sijui kama ameacha kubeti. Sijamuuliza bado, nitamuuliza akija, uso kwa uso. Okidi nayo haijatoa ua, na mama yule anasema nisitegemee ua mapema, imepoteza mizizi mingi na itajijenga polepole. Majani ya chini mawili yamekufa. Lakini juzi nilipoigeuza dirishani niliona, kati ya majani, ncha ya mzizi mpya, ya kijani, ukubwa wa punje ya mchele.

Kwa wiki hii

Nakuachia maswali matatu, uyabebe mpaka kwenye Ekaristi ya Jumapili. Kuna mtu gani unayemsaidia lakini unaogopa kumuuliza anaendeleaje kweli? Katika kumsaidia kwako, kiasi gani ni kwa ajili yake na kiasi gani ni kwa ajili ya kusikia asante? Na kuna mtu gani karibu yako ambaye ni mzizi mkavu kabisa, nawe umempita kwa kisingizio cha busara?

*Tusali.* Ee Bwana, wewe unaona mizizi yetu na hutuchoki. Utupe macho ya kuwatazama tunaowapenda, ujasiri wa kuwauliza, na subira ya kungoja pale ambapo hatuwezi kufanya zaidi. Pale tulipokata vibaya, uponye. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Bikira Maria, uliyesimama chini ya msalaba pasipo la kufanya ila kubaki pale, utuombee.